Mazoezi ya nguvu nyumbani

Mazoezi ya nguvu nyumbani ni mazoezi ya kunyanyua, kusukuma na kuvuta vitu vizito yanayofanywa na mtu peke yake chumbani, uani, barazani au katika banda la gari, kwa shabaha ya kuongeza nguvu za mwili. Ni ndugu wa mazoezi ya kutunisha misuli, maana vifaa ni vilevile, lakini kipimo ni kingine: mtunisha misuli husimama mbele ya kioo, na mtafuta nguvu huhesabu kilo. Kwa kuwa hana kocha wala mwenzake wa kumpokea chuma kinapomlemea, anayefanya mazoezi haya hutegemea mambo matatu, yaani uzito unaoweza kuongezwa kidogo kidogo, daftari, na mpangilio wa vifaa utakaomwokoa siku atakayoshindwa.

Istilahi

Mitaani huitwa kubeba vyuma, kunyanyua vyuma au kupiga chuma. Nchini Tanzania mazoezi ya aina yoyote huitwa tizi, na mwenye kifua kipana huitwa baunsa hata kama hajawahi kulinda mlango wa klabu yoyote. Katika makala hii “chuma” ni fito ndefu inayotiwa uzito pande mbili, na “sahani” ni zile duara za uzito zenyewe.

Historia

Mfano unaotajwa tangu kale ni wa Milo wa Croton, mwanamieleka wa Kigiriki wa karne ya 6 KK. Inasimuliwa kwamba alimbeba ndama mmoja kila siku mpaka ndama akawa fahali. Mfugaji yeyote atakuwa na maswali yake juu ya kisa hicho, ila ndani yake mna kanuni nzima ya mazoezi ya nguvu: mzigo ukue polepole, na mbebaji akue nao.

Mazoezi ya nyumbani kama yajulikanavyo leo yalienea kwa njia ya posta. Eugen Sandow, aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867 kwa jina la Friedrich Wilhelm Müller, aliigeuza sifa aliyoipata jukwaani kuwa biashara ya vitabu, dambeli za springi na masomo ya kutumwa kwa barua. Mwaka 1901 alifanya shindano la maumbo katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Mwaka uliofuata, huko Philadelphia, Alan Calvert alianzisha kampuni ya Milo Barbell, na mchango wake ni mkubwa kuliko umaarufu wake. Aliwauzia watu wa kawaida vyuma ambavyo mnunuzi angeweza kuvipunguza na kuviongeza uzito mwenyewe nyumbani. Kabla ya hapo mtu alihitaji safu nzima ya dambeli au urafiki na mhunzi.

Charles Atlas, Mmarekani mzaliwa wa Italia ambaye jina lake la awali ni Angelo Siciliano, alifuata njia isiyotumia vyuma kabisa: misuli ishindane na misuli, mkono huu ukisukuma ule. Tangu mwaka 1929, akishirikiana na mtaalamu wa matangazo Charles Roman, aliuza kozi yake duniani kote kupitia matangazo ya kijana mnyonge anayerushiwa mchanga ufukweni. Matangazo yalikuwa na nguvu kuliko kozi. Misuli inayoshindana yenyewe haina kilo za kuandika, na mwanafunzi hakuwa na njia ya kujua kama mwezi huu ana nguvu kuliko mwezi uliopita.

Kuanzia mwaka 1932 jarida la Strength & Health, lililotolewa na Bob Hoffman mjini York, Pennsylvania, ndilo lililokuwa kocha wa watu wasio na kocha. Hoffman aliuza vyuma vya York Barbell katika kurasa zilezile alizotolea ushauri, jambo linalofaa kukumbukwa mtu anaposoma ushauri wake.

Paul Anderson

Hakuna mfano wa mazoezi ya nyumbani unaomfikia Paul Anderson. Alizaliwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Toccoa, jimbo la Georgia, Marekani, na utotoni aliugua maradhi ya figo. Alianza kunyanyua vyuma ili apate nguvu za kuchezea mpira wa miguu wa Kimarekani, na muda si mrefu uzito wa kununua ukawa haumtoshi. Aliokota vya kuokota: magurudumu yaliyojazwa zege, vipuri vizito, kasha la chuma la kuhifadhia fedha.

Ubunifu wake wa ajabu zaidi ulikuwa shimo. Alisimama ndani ya shimo alilochimba, mzigo ukiwa umelala kwenye kingo zake. Kwa kuwa miguu ilikuwa chini ya usawa wa ardhi, aliuinua kwa umbali mfupi tu, na kwa sababu hiyo aliweza kubeba uzito ambao asingeweza kuuchuchumalia kikamilifu. Kisha akaurudisha udongo shimoni kidogo kidogo. Umbali wa kuinua uliongezeka bila mzigo kubadilika, hadi siku moja shimo likawa limejaa na Anderson anauinua mzigo wote akiwa juu ya ardhi. Ni ndama wa Milo aliyegeuzwa kichwa chini: badala ya kukuza mzigo, alikuza safari yake.

Mwaka 1955 alikwenda Moscow pamoja na timu ya Marekani, akasukuma juu ya kichwa chuma cha takriban kilo 182 mbele ya umati wa Warusi waliokuja kumwangalia bingwa wao. Mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia mjini Munich. Katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, mwaka 1956, alishindana akiwa na homa kali, na ilimbidi ainue kilo 187.5 katika jaribio lake la mwisho. Alishindwa jaribio la kwanza, akashindwa la pili, akainua la tatu. Jumla ya minyanyuo yake yote ikawa kilo 500, sawasawa na ya Humberto Selvetti wa Argentina, na dhahabu ikaenda kwa Anderson kwa kuwa alikuwa mwepesi zaidi kati ya hao wawili. Mtu wa kilo zaidi ya 130 kushinda kwa wepesi ni jambo linalotokea mara chache.

Baadaye aliingia katika maonyesho ya kulipwa. Dai la kuwa mwaka 1957 aliinua kilo 2,844 kwa mgongo liliorodheshwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa miaka mingi kabla ya kuondolewa. Mwaka 1961, yeye na mkewe Glenda walianzisha makao ya vijana mjini Vidalia, Georgia. Alifariki mwaka 1994.

Baada ya Anderson

Shirikisho la kimataifa la kunyanyua uzito kwa mtindo wa nguvu, IPF, liliundwa mwaka 1972. Mashindano yake yana minyanyuo mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma ukiwa umelala benchini, na kuvuta chuma kutoka sakafuni. Yote mitatu hufanyika katika nafasi ndogo na haihitaji dari ya juu, na pengine hiyo ndiyo sababu imeota mizizi katika mabanda ya magari kuliko mitindo ya Olimpiki. Mwaka 2020, kumbi za mazoezi zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, dambeli na sahani ziliadimika katika nchi nyingi na bei zikapanda.

Namna nguvu inavyoongezeka

Katika wiki za mwanzo nguvu hupanda upesi ilhali misuli haijanenepa. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni la mishipa ya fahamu: ubongo unajifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa pamoja. Hii ndiyo sababu mtafuta nguvu hurudiarudia minyanyuo michache ileile badala ya kubadili zoezi kila wiki.

Aliyeipa kanuni ya mzigo kukua polepole sura ya kitabibu ni Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari majeruhi wa magoti wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yeye mwenyewe alikuwa amejijenga kwa vyuma baada ya kuugua ujanani. Madaktari wa wakati huo waliogopa kuupa mzigo mguu dhaifu. DeLorme akaupa mzigo na kuuongeza, na mwaka 1945 akachapisha matokeo. Mpango wake uliokuja kuenea una seti tatu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuurudia mara kumi, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito kamili.

Watafuta nguvu wa leo hupunguza marudio na kuongeza uzito, kwa kawaida marudio matatu hadi sita kwa seti, na mapumziko ya dakika mbili hadi tano kati ya seti. Anayeanza anaweza kuongeza kilo 2.5 kila siku ya mazoezi. Kwa hesabu ya karatasi, aliyeanza kuchuchumaa na kilo 40 mara tatu kwa wiki angefika kilo 100 baada ya wiki nane. Karatasi huvumilia mengi, na chuma hukataa mapema zaidi. Kikikataa, desturi ni kushusha uzito kwa sehemu moja ya kumi na kupanda upya.

Tatizo la nyumbani ni sahani ndogo. Sahani ndogo kabisa katika seti nyingi za madukani ni ya kilo 1.25, na kwa kuwa lazima ziwe mbili, hatua fupi kabisa ni kilo 2.5. Kwa anayesukuma kilo 30 juu ya kichwa, hatua hiyo ni zaidi ya asilimia 8 kwa siku moja. Wajuzi hutundika minyororo au nati kubwa zilizopimwa kwenye mizani.

Kujipima kwa unyanyuo mmoja wa mwisho wa nguvu si lazima. Kanuni ya Epley hukadiria kwa kugawanya marudio kwa 30, kuongeza moja, kisha kuzidisha kwa uzito. Aliyeinua kilo 60 mara tano anakadiriwa kuweza kilo 70 mara moja. Marudio yakizidi kumi, makadirio hupungua uaminifu.

Usalama wa anayefanya peke yake

Unyanyuo wa hatari zaidi kwa mtu aliye peke yake ni kusukuma chuma akiwa amelala benchini, kwa kuwa chuma kikishindikana kinabaki juu ya kifua au shingo. Kinga kamili ni fremu ya nguzo nne, ambayo wengi huiita raki, yenye vyuma viwili vya kukingia vilivyowekwa chini kidogo ya usawa wa kifua kilichotunishwa. Asiye na fremu asifunge vibanio vya sahani, ili akilemewa aweze kuinamisha chuma upande mmoja na sahani zidondoke. Kelele ni kubwa, na sakafu huumia, lakini shingo hupona. Njia rahisi kuliko zote ni kutumia dambeli ukiwa umelala sakafuni. Viwiko hugusa chini kabla mzigo haujafika popote pabaya.

Kidole gumba kizunguke chuma. Benchi la plastiki la bustanini si benchi.

Kwa kuchuchumaa, vyuma vya kukingia huwekwa chini kidogo ya kina cha mwisho, kisha hujaribiwa na chuma kitupu kabla ya siku ya uzito. Kuvuta kutoka sakafuni hakuhitaji mlinzi, maana ukishindwa unaachia. Wanaoishi ghorofani hukumbushwa na jirani wa chini. Mbao za plaiwudi zilizofunikwa kwa mpira wa matairi ya zamani hupunguza mshindo na kuokoa vigae.

Kubana pumzi wakati wa kuinua huimarisha kiwiliwili, lakini hupandisha shinikizo la damu ghafla. Mwenye shinikizo la juu au maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Baada ya mazoezi makali kupita kiasi, misuli ikivimba na mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mtu aende hospitali siku hiyohiyo.

Chakula

Protini ya takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku huwatosha wengi. Mayai, maharage, dagaa na maziwa huifikisha; makopo ya unga yenye picha za majitu ni ya hiari.

Wanawake

Abbye Stockton wa Santa Monica, California, alianza na dambeli nyumbani, na kuanzia mwaka 1944 aliandika safu ya wanawake katika jarida la Hoffman. Katika mashindano ya mtindo wa Olimpiki, chuma cha wanawake kina kilo 15, cha wanaume kilo 20.

Afrika Mashariki

Katika miji mingi ya Kenya, Uganda na Tanzania, vyuma vya uani hutengenezwa na mtumiaji: bomba la maji au ekseli, na kila upande kopo la rangi lililomiminwa zege. Gia na rimu za magari mabovu hutumika pia. Zege hukaribia kilo 2.4 kwa lita, hivyo kopo la lita nne hutoa karibu kilo 9.6, na ndoo ya lita 20 karibu kilo 48. Kasoro ya chuma cha zege ni kwamba uzito wake haubadiliki, na makopo mawili ni nadra kulingana. Mizani ya dukani au ya mashine ya kusaga humaliza ubishi.

Kwa kujifunza bila kocha, anayetajwa zaidi ni Mkenya Julius Yego, aliyejifundisha kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube kabla ya kwenda Finland kunolewa na kocha. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2015 jijini Beijing kwa mita 92.72, na alipata fedha ya Olimpiki mwaka 2016 jijini Rio de Janeiro.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kwa asiye na chuma chochote, chupa ya maji ya lita moja na nusu ikijazwa mchanga mkavu hukaribia kilo 2.4.