Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani: Wadhifa Uliokosa Hazina

Tangu mkataba wa Desemba 1895 baina ya Uingereza na Sultani wa Unguja, hadi mwaka wa uhuru, bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu hapa Mombasa, ilhali hatamu za dola zilikuwa mikononi mwa Waingereza, waliomlipa mwenye bendera ijara ya kila mwaka kwa ajili ya ukanda wa maili kumi. Katika enzi hiyo wenyeji wa Mvita, yaani Mombasa, waliwajua wakubwa wa namna mbili: Liwali, aliyeshika heshima ya Sultani na mambo ya Waislamu, na Mkuu wa Mkoa, aliyeshika amri, polisi na fedha. Miongoni mwa maliwali walikuwamo watu wenye hadhi na elimu, kama Sir Ali bin Salim na Sir Mbarak Ali Hinawy, ambaye jina lake lingalipo katika njia ipitayo penye msikiti wa Mandhry, Mji wa Kale; lakini hata hao, pamoja na taadhima yao yote, hawakuchaguliwa na raia, wala raia hawakuwa na njia ya kuwauzulu.

Kwa sababu hiyo yafaa kuukumbuka mwaka 1963, ambapo kwa mara ya kwanza Pwani nzima, tangu Taita hadi Lamu na tangu Vanga hadi Mto Tana, ilipata mkuu aliyetoka katika baraza lililochaguliwa kwa kura. Mkuu huyo alikuwa Ronald Gideon Ngala, na wadhifa wake ulikuwa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani.

Chanzo cha wadhifa huo kilikuwa hofu, na hofu ile haikuwa ya upuuzi. Mwaka 1960 chama cha KADU kiliundwa na viongozi wa makabila madogo walioona kwamba, Waingereza watakapoondoka, dola yote ya Nairobi itaangukia mikononi mwa makabila makubwa yaliyoungana katika chama cha KANU. Hapa kisiwani hofu hiyo ilikuwa na sura ya pili, kwani wapo waliotaka Mwambao, yaani ule ukanda wa maili kumi, ujitenge na Kenya. Na Sir James Robertson, aliyetumwa kuichunguza kadhia hiyo, alishauri mwaka 1961 kwamba ukanda uunganishwe na Kenya. Ngala hakukubali Mwambao utengwe na bara yake. Alilolitaka ni Kenya moja yenye majimbo, ambamo Mswahili, Mwarabu, Mmijikenda, Mtaita na Mpokomo wangekuwa na baraza lao la kuamua mambo ya ardhi, shule na afya. Katika mkutano wa London wa mwaka 1962 rai hiyo ilishinda, na Katiba ikaigawa nchi katika majimbo saba, mbali na Nairobi, kila jimbo na baraza lake.

Ngala mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Alizaliwa upande wa Kaloleni, akasoma Alliance na Makerere, akawa mkuu wa shule ya Buxton hapa Mombasa, kisha akaingia katika baraza la manispaa, na mwaka 1957 akachaguliwa kuiwakilisha Pwani katika Baraza la Kutunga Sheria. Katika uchaguzi wa Mei 1963 KADU ilishindwa katika nchi kwa jumla, lakini ilishika majimbo ya Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Daniel arap Moi akawa rais wa Baraza la Bonde la Ufa, naye Ngala akawa na kazi mbili kwa wakati mmoja: huku Mombasa rais wa baraza, huko Nairobi kiongozi wa upinzani mbele ya serikali ya Jomo Kenyatta.

Ni lazima tuupime wadhifa huu kwa insafu. Katika nchi kama Kanada, waziri mkuu wa jimbo ni kiongozi wa chama chenye wingi katika bunge la jimbo. Ana mawaziri wake, ana kodi zake, na maadamu bunge lake lina imani naye, serikali kuu haina njia ya kumwondoa. Rais wa baraza letu alichaguliwa na wajumbe wenziwe, lakini hakuwa na mawaziri: madaraka ya utendaji yaliwekwa kwa kamati ya baraza iliyohusika na fedha na watumishi. Nao watumishi wenyewe walikuwa wale wale wa zamani. Mkuu wa wilaya aliyeitwa DC jana, leo aliitwa wakala wa serikali ya jimbo, na macho yake yakabaki yakiitazama Nairobi, iliyompa kazi na ambayo ingempandisha cheo kesho.

Hapo ndipo palipokuwa na ila. Katiba iliyapa majimbo madaraka kwa maandishi, lakini kuyakabidhi kulikuwa juu ya serikali kuu, na serikali hiyo iliongozwa na chama kilichokuwa kimeapa kuyavunja majimbo. Idara zilicheleweshwa kuhamishwa, fedha zikabanwa, na barua za mabaraza zikajibiwa kwa taratibu ya mtu asiyetaka kujibu. Baraza la Pwani likawa linajadili shule lisizoweza kuzilipia walimu wake, na ardhi lisiyoweza kuigawa.

Mambo mengine yalikwenda kwa haraka zaidi. Tarehe 8 Oktoba 1963 ulitiwa sahihi mkataba wa kuutoa ukanda wa maili kumi katika milki ya Sultani, baada ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Mohamed Shamte, kuandikiana ahadi kwamba dini ya Kiislamu, mahakama za kadhi na hati za ardhi zitalindwa. Uhuru ulikuja Desemba, na bendera nyekundu haikuonekana tena Ngomeni. Mwaka uliofuata wabunge wa KADU wakahamia KANU mmoja mmoja. Na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akatangaza kwamba chama chake kimevunjwa. Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba, mabadiliko ya Katiba yakayang'oa madaraka ya majimbo, na jina la PC, yaani Mkuu wa Mkoa, likarudi na mwenyewe, mteule wa Rais kama alivyokuwa mteule wa Gavana wa kikoloni. Ngala aliingia serikalini, akawa waziri, na tarehe 25 Desemba 1972 akafariki kutokana na ajali ya gari katika barabara ya Nairobi na Mombasa.

Kwa miaka mingi baadaye majimbo yalitajwa kana kwamba yalikuwa fitina tupu, na aliyeyatamka alishukiwa kuwa adui wa umoja. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Baraza la Pwani halikupewa wasaa wa kukosea wala wa kupatia. Lilikufa kwa njaa ya fedha na ya watumishi kabla halijatenda jambo la kulihukumia. Walioandika Katiba ya mwaka 2010 waliilinda serikali ya kaunti pale pale Ngala alipoachwa wazi: walimfanya gavana achaguliwe na raia wote, wakairuhusu kaunti iajiri watumishi wake, na wakaandika kwamba kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa hiyo Hassan Ali Joho alipokuwa gavana wa kwanza wa Mombasa mwaka 2013, alirithi swali la 1963 pamoja na sehemu ya jawabu lake. Sehemu iliyosalia imo katika ugomvi wa kila mwaka juu ya fedha zinazochelewa kutoka Nairobi, na raia wa Mvita aufuatiliaye ugomvi huo kwa makini analinda jambo lile lile ambalo Ngala alilidai na hakulipata.