Trauti wa Mto Gura

Wakaao Kipini huyajua maji ya Mto Tana yakiwa mazito kwa tope. Wachache hukumbuka kuwa sehemu ya maji hayo huanzia katika Milima ya Nyandarua, ambako Mto Gura huporomoka genge kwa genge, ukiwa mwangavu na wenye baridi ya kuuma mifupa.

Humo ndimo walimotiwa trauti mwaka 1905. Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyekwisha kujipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya samaki hao kutoka Loch Leven, Uskoti. Mayai ya trauti hufa yapatapo joto. Basi na ifikiriwe safari yenyewe: meli, bandari ya Mombasa, garimoshi, kisha nchi ya Nyeri isiyokuwa bado na reli, ambako mzigo haukuwa na chombo ila mabega ya watu. Jina la Grogan limehifadhiwa. Ya wapagazi hayatajwi. Huyu ndiye aliyewachapa viboko Waafrika mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, akahukumiwa kifungo.

Kwa Wakikuyu samaki hakuwa chakula. Mto ulikuwa maji, tena mpaka baina ya mgongo mmoja wa kilima na mwingine. Walowezi nao hawakumleta trauti kwa njaa. Walitaka mchezo wa kwao, na mchezo huo, haki isemwe, una ufundi. Trauti hukaa nyuma ya jiwe akiukabili mkondo. Mvuvi humwendea kwa nyuma, asitie kivuli majini, akarusha ndoana iliyofungwa unyoya na uzi mfano wa mdudu, itue kana kwamba imeanguka yenyewe. Mvuvi wa mwambao, ambaye mshipi wake ndio mlo wa wanawe, atastaajabu kusikia kuwa mara nyingine samaki huyo hurudishwa majini.

Mwaka 1950 milima ikafanywa hifadhi ya taifa. Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari, na msitu ule wa starehe ukawa maficho ya Mau Mau; mwaka uliofuata ukapigwa marufuku, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwake tarehe 21 Oktoba 1956.

Walowezi wengi waliondoka baada ya uhuru. Trauti wamebaki, wakizaliana wenyewe katika changarawe za Gura. Hushuka mpaka maji yanapoanza kupata joto, wasizidi hapo.