Klachi Mara Mbili Haikuwa Swaga

Juzi nilimwonyesha babu video ya msee akishuka gia kwenye kona: vidole vya mguu wa kulia kwa breki, kisigino kinagusa mafuta. Nikamwambia, "Babu, hii ni ya wataalamu." Alicheka mpaka akakohoa. Babu aliendesha lori miaka mingi. "Sisi tulipiga klachi mara mbili asubuhi hadi jioni, na hakuna mtu alitupigia makofi."

Nikaenda kusoma. Kumbe mzee ako sawa.

Kwanza, pedali. Tunadhani klachi kushoto, breki katikati na mafuta kulia ni amri ya Mungu. Wapi! Ford Model T, iliyotengenezwa 1908 hadi 1927, ilikuwa na pedali tatu pia, lakini ya kushoto ilikuwa ya gia, ya katikati ya kurudi nyuma, na ya kulia breki. Mafuta uliongeza kwa mkono, kwa kijiti kilichokaa karibu na usukani. Cadillac ya 1916 ilikuwa na mpangilio tunaoujua leo, na Austin 7 ya Uingereza, kuanzia 1922, ikausambaza. Hata hivyo, Maserati 250F ambayo Fangio alishindia ubingwa wa dunia 1957 ilikuwa na mafuta katikati!

Sasa gia. Zamani, meno ya gia yalikuwa hayangojani. Ukitaka kushuka, unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachilia klachi, unapiga mafuta kidogo ili kasi zilingane, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukikosea, giaboksi inalia mtaa mzima unasikia. Mwaka wa 1928 Cadillac ikaleta giaboksi inayolinganisha kasi yenyewe, lakini malori mengi yalibaki na ile ya zamani miaka mingi. Kwa hivyo hiyo "stailo" ilikuwa kazi. Kisigino kiliongezwa kwa sababu moja tu: dereva wa mashindano anahitaji breki na mafuta kwa wakati mmoja, na mguu wa kulia ni mmoja.

Hapo ndipo nikamwambia babu ukweli. Mwezi uliopita, tukishuka Mai Mahiu na mbogi kwa gari la binamu, nilijaribu hiyo kitu simu ikirekodi. Breki ilikuwa juu sana kuliko mafuta, kisigino hakikufika, nikapinda mguu, ukateleza kutoka kwa breki ukaangukia mafuta. Gari likaruka mbele. Mbele yetu kulikuwa na lori. Tulisimama karibu kuligusa, na ndani ya gari hakuna aliyeongea mpaka chini. Ile video niliifuta.

Babu hakucheka tena. Akasema, "Mteremko kama huo, gia unachagua juu, kabla ya kushuka. Injini inakushikilia, breki unazihifadhi."

So kama unataka kujifunza, anza gari likiwa limezimwa, kwa kiwanja. Kanyaga breki kwa nguvu, uone kama inashuka karibu usawa wa mafuta. Kama haifiki, hilo gari si la hiyo mbinu. Toa kapeti inayoteleza, na slipas ziache nyumbani.

Wewe ulifunzwa manuali na nani? Muulize alijifunzia gari gani. Utashangaa.