Kiranja Asiyeonekana: Historia Fupi ya Kompyuta za Shule Zinazochungulia

Msomaji, kama umesoma shule ya msingi Tanzania, iwe Mlali chini ya milima ya Uluguru au Kariakoo, kiranja wa darasa unamjua. Mwalimu akitoka, yeye anabaki mbele na karatasi yake, anaandika majina ya wapiga kelele. Hakuna aliyempenda. Lakini ulimwona, ulijua anaandika nini na karatasi inakwenda kwa nani. Kengele ya kurudi nyumbani ikigongwa, kazi yake imeisha.

Sasa hebu tumwangalie kiranja wa aina nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya 2000, shule za sekondari za Lower Merion, jimbo la Pennsylvania, Marekani, ziliwapa wanafunzi kompyuta mpakato karibu 2,300, waende nazo mpaka nyumbani. Ndani yake iliwekwa programu ya kusaka kompyuta iliyoibiwa. Ikishawashwa kutoka ofisini, kompyuta ikiwa kwenye intaneti ilipiga picha kwa kamera yake, ikanakili kilichopo kwenye skrini, na kutuma vyote kwenye seva ya shule. Kila dakika 15.

Novemba 2009 mwanafunzi mmoja akaitwa ofisini. Kwa maelezo ya familia yake, alionyeshwa picha yake mwenyewe akiwa nyumbani kwao, akituhumiwa kushika dawa za kulevya. Yeye akasema zile ni peremende tu. Februari 2010 familia ikaenda mahakamani. Uchunguzi ukakuta picha zaidi ya 50,000, za kamera na za skrini. Kuna kompyuta zilizokuwa zimeshapatikana, lakini programu ikaachwa inaendelea kupiga. Oktoba 2010 shule zikakubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi hiyo na nyingine iliyofuata.

Umeona lilipoanzia? Programu ilinunuliwa kwa sababu nzuri tu, wizi. Tatizo ni kwamba wazazi hawakuambiwa, na hapakuwa na utaratibu wazi wa nani awashe, lini azime, na picha afanyie nini.

Turudi kwetu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake. Lakini sheria mahususi imekuja juzi juzi. Kenya ilipitisha ya kwake 2019, na mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ikapigwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi 2022, ikaanza kazi Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko.

Vifaa navyo vinakuja. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu nchi nzima. Sisemi vinamchungulia mtu. Ninachosema ni kwamba kifaa cha shule kimeshazoeleka mikononi mwa mwalimu, na siku kitakapofika kwa mwanafunzi wa Mlali, kitalala naye chumba kimoja.

Siku hiyo, mzazi, usiulize bei peke yake. Uliza: kuna programu gani ndani? Inachukua nini? Nani anaona, na zinafutwa lini? Kuuliza hivyo si ukorofi. Sheria inataka mtu aelezwe lengo kabla taarifa zake hazijachukuliwa.

Watoto wa Lower Merion nao walikuwa na dalili. Baadhi yao waliona kataa ka kijani pembeni ya kamera kakiwaka ghafla, kisha kakazima. Yule kiranja wetu wa zamani, angalau, ulimwona akichukua kalamu.