Pikipiki ya jeshi hapa Sironga: turudishe toleo lipi?

Leo tuziweke programu kando kidogo tuongee habari za chuma. Baadhi yenu mnajua kwamba tangu mwaka jana nina mradi usiohusiana kabisa na kazi yangu ya kila siku. Nilinunua pikipiki kuukuu aina ya BSA M20 hapa Sironga, karibu na mji wa Nyamira, na nimekuwa nikiifufua jioni na wikendi. Wengi mmeniuliza kwa nini nihangaike na mzigo wa kutu wakati boda boda mpya zimejaa mjini. Nitajibu, ila itabidi tuanzie mbali kidogo.

Hii BSA ni kitu gani?

BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1861 ili kutengeneza bunduki. Ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Baadaye iliingia kwenye baiskeli, kisha pikipiki. Modeli ya M20 ilitoka mwaka 1937, na Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 jeshi la Uingereza likaiagiza kwa wingi. Zilitengenezwa takriban 126,000. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikipiga kiwanda cha Small Heath mjini Birmingham na kuua wafanyakazi 53, lakini M20 ziliendelea kutoka.

Kazi yake haikuwa kupigana. Ilibeba matarishi wa jeshi, polisi wa jeshi na watu wa kuongoza misafara ya malori. Kwa lugha yetu ya kompyuta, ilikuwa mtandao wa kusafirisha pakiti pale ambapo waya wa simu umekatwa na redio inasikilizwa na adui.

Sasa ufundi kidogo. Injini ina silinda moja ya sentimita za ujazo 496, lakini inatoa nguvu za farasi 13 hivi. Boda boda ya kawaida ya 150 inatoa karibu nguvu hizo hizo! Usicheke lakini. Valvu zake zimekaa ubavuni mwa silinda, si juu kama kwenye injini za leo. Muundo huo unapoteza nguvu, ila hedi ya silinda inabaki kipande kisicho na valvu wala springi. Unafungua bolti, unainua, unakwangua masizi, unarudisha. Mgandamizo ni mdogo, kama 4.9 kwa 1, kwa hiyo petroli duni haiisumbui sana. Cheche inatoka kwenye magneto, na hivyo hata bila betri pikipiki inawaka kwa kiki. Nyuma haina springi zozote isipokuwa zile za kiti, na mgongo wako utakuambia hivyo baada ya kilomita mbili za barabara zetu.

Kwa kifupi, waliitengeneza ili askari mchovu aliye mbali na karakana aweze kuitengeneza mwenyewe kwa spana chache. Mtu yeyote aliyewahi kurithi programu iliyoandikwa na mtu mwingine ataelewa thamani ya jambo hilo.

Vita vilivyokuja kwa miguu, vita vilivyokuja kwa magurudumu

Abagusii walivijua vita vya Wazungu mapema. Tarehe 12 Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lililovuka kutoka koloni lao la kusini lilipambana na askari wa King's African Rifles hapo Kisii mjini. Vita hivyo vya kwanza vilibebwa vichwani. Kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilikuwa na mtu chini yake. Wapagazi wa Carrier Corps walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa, na jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Vita vya pili vilikuja na magurudumu. Kenya ilikuwa kituo cha kuwashambulia Waitalia waliokuwa Somalia na Ethiopia, na Addis Ababa ilitekwa tarehe 6 Aprili 1941. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ikisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa mvua na matope. Nyuma ya wapiganaji walikuwepo madereva wa East African Army Service Corps na mafundi wa East African Electrical and Mechanical Engineers. Vijana wengi wa Kiafrika waligusa usukani au kufungua injini kwa mara ya kwanza humo jeshini. Vita vilipokwisha mwaka 1945 walirudi nyumbani na ujuzi huo, hata kama walirudi bila kitu kingine cha maana.

Mmoja wao alirudi karibu na hapa Sironga. Familia yake inasema alikuwa dereva wa lori Burma, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliinunua pikipiki hii kwa mlowezi mmoja wa upande wa Sotik aliyekuwa akiuza vitu vyake aondoke. Mimi niliinunua kwa mwanawe, ambaye sasa ni mzee wa miaka zaidi ya sitini. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshaitaka kwa bei ya kilo.

Kusoma chuma kama logi

Nilipoifikisha nyumbani sikuanza kufungua bolti. Nilianza kusoma. Namba za injini na za fremu zote zinaanza na WM20. Herufi ile W inaonyesha ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, si ya raia. Kwenye tangi nilisugua sehemu ndogo kwa msasa laini na maji. Juu kulikuwa na rangi ya buluu ya mafuta, ile ya kupaka milango. Chini yake nyeusi. Chini kabisa, rangi ya jeshi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na juu ya rangi hiyo alama nyeupe hafifu: herufi C na tarakimu mbili zinazosomeka. Pikipiki za jeshi la Uingereza zilipewa namba za usajili zinazoanza na C. Nilifurahi kama mtu aliyepata faili iliyodhaniwa imefutwa.

Lakini zilikuwepo alama nyingine ambazo hakuna kitabu cha BSA kinachozitaja. Nyuma kuna keria nzito ya chuma iliyochomelewa kwa mkono, ya kubebea magunia ya kahawa na pareto. Ekzosi imeshikiliwa na kipande cha jembe kilichokatwa na kutobolewa vizuri sana. Bolti kadhaa zimechongwa upya, kwa sababu nyuzi za bolti za Kiingereza za zamani si za milimita, na spana zetu za 10 na 13 haziingii.

Mpango wangu ulikuwa kuirudisha ilivyotoka kiwandani: kijani cha jeshi, namba nyeupe, kila kitu. Picha za pikipiki kama hizo zimejaa kwenye intaneti na zinapendeza. Yule mzee alipokuja kuiangalia nikamweleza.

"Mzee, nikimaliza itakuwa kama ilivyokuwa vitani."

Akaizunguka, akashika ile keria.

"Kijana wangu, vitani ilikaa miaka mingapi?"

"Labda mitano au sita, Mzee."

"Na hapa kwetu?"

Sikuhitaji kikokotoo. Ni zaidi ya miaka sitini.

"Sasa ukiipaka rangi ya jeshi," akasema, "baba yangu atakuwa wapi?"

Nililifikiria swali hilo wiki nzima. Sisi waandishi wa programu tunatumia mifumo ya kutunza matoleo, kama Subversion na Git, ili kila badiliko libaki na rekodi ya nani alilifanya na lini. Kurudisha toleo la kwanza na kufuta yote yaliyofuata ni jambo ambalo hatumfanyii mwenzetu. Jeshi la Uingereza lina makumbusho, picha na vitabu vyake. Dereva wa Sironga hana ukurasa popote. Rekodi yake ni keria na kipande cha jembe.

Nilichoamua

Mambo ya mashine nimeyatengeneza yote. Nimeweka ringi mpya za pistoni, nimesafisha kabureta, na kondensa iliyo ndani ya magneto imebadilishwa, kwa sababu hizo za zamani hufa kwa umri na cheche hupotea injini ikipata joto. Kwa kuwa M20 zilitengenezwa nyingi, vipuri bado vinauzwa Uingereza. Sehemu nyingine zimechongwa na fundi wa jua kali hapa Kisii kwa kutazama tu ile ya zamani.

Rangi ya buluu inabaki. Keria na kipande cha jembe vinabaki, nimevisafisha kutu na kuvipaka oili. Kwenye tangi nimeacha kile kidirisha nilichosugua, ukubwa wa kiganja, ili rangi zote tatu na ile C zionekane. Nimepiga picha kila hatua na kuandika maelezo, na nakala nimempa yule mzee.

Sasa ombi langu kwako msomaji. Kama nyumbani kwenu kuna mashine ya babu imelala kwenye banda, iwe cherehani, redio, kinu au pikipiki, nakili namba zake na piga picha kila kiraka kabla mtu wa vyuma hajaja na mizani. Waulize wazee nani aliichomelea na kwa nini, kisha uandike majibu yao.

Wenye maswali kuhusu magneto, karibuni. Tuko pamoja.