SIKU YA MUNGU, SIKU YA WATU HURU



Katika furaha ya Yubile tunahesabu miaka, makanisa yaliyojengwa na watoto waliobatizwa. Ni vema. Lakini liko jambo lililoijenga parokia kuliko matofali, nalo ni kuishika Dominika. Yubile yenyewe imezaliwa na Sabato. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaagiza kuhesabu miaka saba mara saba, yaani 49. Na katika mwaka wa 50 baragumu ilie, shamba lipumzike, na mtumwa arudi kwao akiwa huru.

1. Amri na sababu zake

Maandiko Matakatifu yanaitoa amri ya Sabato mara mbili. Katika Kutoka, sura ya 20, sababu ni kwamba Mungu alimaliza kazi ya kuumba, akapumzika. Katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 5, sababu ni nyingine: Waisraeli walikuwa watumwa katika Misri, na Mungu aliwatoa. Farao hakuwapa siku ya kupumzika, Mungu aliwapa. Ndiyo maana amri hiyo haimtaji baba wa nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi mwanamume na mtumishi mwanamke, mgeni, hata ng'ombe na punda.

2. Kutoka Sabato mpaka Dominika

Bwana wetu Yezu Kristu alifufuka siku iliyofuata Sabato. Kwa hiyo mitume na wanafunzi wao waliiheshimu siku ile ya kwanza ya juma. Haikuwa siku ya mapumziko katika dola la Roma. Walikusanyika huku kazi ikiwangojea. Mnamo mwaka 150, Mtakatifu Yustino aliandika jinsi walivyosoma Maandiko, wakapokea Ekaristi, na kukusanya mali kwa ajili ya yatima na wajane.

Afrika nayo ilitoa ushuhuda wake. Mwaka 304, wakati wa mateso ya Kaisari Diocletianus, wakristu 49 wa Abitina, katika nchi ya Tunisia ya leo, walikamatwa kwa sababu ya kukusanyika nyumbani kwa mmoja wao, jina lake Emeritus. Walipelekwa Carthage, wakahukumiwa. Emeritus alipoulizwa kwa nini aliwafungulia mlango, alijibu kwamba bila Dominika hawawezi kuishi. Miaka 17 tu baadaye, mwaka 321, Kaisari Constantinus aliamuru mahakama na karakana za miji zifungwe siku hiyo. Bali wakulima aliwaacha waendelee na mashamba yao.

3. Katika nchi yetu

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, akawa Askofu Mkuu wa Carthage mwaka 1884, mji ule ule wa mashahidi. Wanawe walikuwa wamefika ziwa Tanganika tangu 1879. Na mwaka 1893 misioni ya Baudouinville ilianzishwa, ambayo leo ni Kirungu, huko Moba.

Tuutazame mwaka 1917. Tarehe 21 Julai, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza miongoni mwa wana wa Kongo. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa vijiji kulima mazao yaliyoamriwa, siku 60 kila mwaka. Na mwaka 1942, wakati wa vita, zikawa 120. Kwa wazee wetu, basi, siku isiyo na msimamizi haikuwa neno dogo.

Lugha yetu imeyahifadhi hayo. Tunahesabu siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, kama mtu ahesabuye kazi. Kisha inakuja siku ya posho, walipogawiwa chakula wafanyakazi. Mwisho ndiyo Siku ya Mungu. Kinywa chetu kinaiweka mwisho, kama pumziko la aliyechoka. Imani inaiweka mwanzo, kwa kuwa ndiyo siku ya Ufufuko.

4. Na sisi leo?

Tunasikia wengine wakisema kwamba tumbo halijui Dominika. Maneno hayo tusiyadharau. Wanafunzi wa Bwana walipoona njaa walivunja masuke siku ya Sabato, naye akawatetea. Anayechimba au kuuza kidogo ili watoto wale, tusimhukumu. Lakini tuulize: je, ni njaa yake inayomtuma, ama ni tajiri asiyemruhusu? Na katika nyumba zetu, baba akivaa vizuri kwenda Misa, nani anachota maji, nani anatwanga, nani anabaki na mtumishi jikoni? Tukipumzika juu ya mgongo wa mwingine, tumeirudisha Misri ndani ya nyumba ya mkristu.

Kapela nyingi hazipati padri kila juma. Hata hivyo kengele inalia, Neno linasomwa, wagonjwa wanatembelewa. Watu waliokusanyika hivyo wamekwisha kuanza Yubile.

Bwana wa Sabato atupe sisi na watumishi wetu pumziko lake, mpaka Dominika ile isiyo na jioni. Amina.