Ngoma za Walokele na Amri za Kiswahili: Historia ya Kuongoza Kundi kwa Ishara

Kuongoza watu wengi wanaotumia viungo vyao kwa pamoja, wawe wapiga makasia, askari wa gwaride au darasa la mazoezi ya viungo, ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya misuli. Kiongozi hana budi kutoa ishara mapema, penye kelele nyingi, na kueleweka na mtu wa mwisho kama alivyoeleweka na wa kwanza. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tatizo hilo lilikwisha kupatiwa ufumbuzi zamani katika eneo la Kisangani, na kwamba ufumbuzi huo hauwezi kuhamishiwa katika Kiswahili bila kubadilishwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1877, H. M. Stanley na Waungwana wa Zanzibar aliofuatana nao walipita maporomoko saba ya mto Kongo yaliyo juu ya mahali ulipo sasa mji wa Kisangani. Waliposhuka zaidi, walikuta mara nyingi kwamba ngoma zimewatangulia kutoa habari zao. Katika kitabu chake cha mwaka 1878, Stanley alikiri kwamba ngoma hizo, zikipigwa sehemu mbalimbali, zilisema na wenye kuzijua kwa uwazi usiopungua ule wa sauti ya mtu. Hakueleza, hata hivyo, ziliwezaje kusema.

Maelezo hayo yalitolewa na John F. Carrington, mmisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza aliyefanya kazi Yakusu, kwa Walokele, chini kidogo ya Kisangani. Katika kitabu chake Talking Drums of Africa cha mwaka 1949, alionyesha kwamba ngoma ya Walokele haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba, lenye midomo miwili: mmoja hutoa sauti ya juu na mwingine sauti ya chini. Kilokele nacho ni lugha ya toni. Neno lisaka, kwa mfano, laweza kuwa dimbwi, ahadi au sumu, kutegemea jinsi silabi zake zinavyopanda na kushuka. Mpiga ngoma hatumi herufi wala alama za siri, bali hutuma toni za maneno yenyewe.

Lakini ngoma inapobakiza toni peke yake, konsonanti na irabu hupotea, na maneno mengi huwa sawa. Songe, yaani mwezi, na koko, yaani kuku, yote mawili yana toni mbili za juu. Kwa hiyo mpiga ngoma hasemi neno moja tu. Mwezi huongezewa maelezo kwamba ndio unaoitazama ardhi kutoka juu, na kuku hutambulishwa kwa mlio wake. Kwa njia hii ujumbe hurefuka mara nyingi kuliko maneno ya kawaida. Urefu huo si upuuzi wala pambo, bali ni kinga dhidi ya kutoeleweka. Aidha, ujumbe huwa na utaratibu: kwanza mwito wa kuamsha masikio, kisha jina la anayeitwa, halafu jambo lenyewe, nalo hurudiwa.

Je, Kiswahili kingeweza kurithi ufundi huu? Lugha hii iliota mizizi Kisangani pamoja na Waungwana na wafanyabiashara wa Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa eneo la maporomoko mwaka 1887 na Dola Huru ya Kongo, na hadi leo inasemwa mjini humo sambamba na Kilingala. Lakini Kiswahili hakitofautishi maana za maneno kwa toni. Kina mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno simama, geuka na tembea yakipigwa ngomani hutoa mdundo ule ule mmoja. Ngoma yaweza kuyapa mwendo, haiwezi kuyatofautisha.

Kiongozi anayetumia Kiswahili alilazimika basi kutafuta njia nyingine, na mpangilio wa maneno ukawa mojawapo. Mfano ulio wazi haupatikani Kisangani, ambako jeshi la kikoloni lilieneza Kilingala, bali katika gwaride la Tanzania. Katika mazungumzo ya kawaida husemwa 'geuka nyuma' na 'tembea mbele'. Gwaridani husemwa 'nyuma, geuka' na 'mbele, tembea'. Mpangilio huu, unaolingana na ule wa amri za Kiingereza, hutanguliza upande na kuchelewesha kitenzi. Neno la kwanza huandaa mwili, la pili huufungua. Anayesema 'geuka' kwanza atakuta nusu ya kikosi imekwisha kugeuka kabla haijajua iendako.

Hapo ndipo mpiga ngoma wa Kilokele na kiongozi wa gwaride wanapokutana: wote hutenga tahadhari na tendo. Tofauti ni kwamba wa kwanza hurefusha ujumbe kwa kuwa ana muda na masafa ya kuvuka, na wa pili huufupisha kwa kuwa mguu haungoji. Mwalimu wa mazoezi ya viungo, ambaye muziki humezea maneno yake, anahitaji yote mawili: maelezo marefu kabla ya kuanza, ili kila zoezi lipate jina linalojulikana na wote; na wakati wa zoezi, upande kwanza, kitenzi mwisho, juu ya mdundo.

Carrington alikwisha kuona, wakati wa uhai wake, kwamba vijana waliosoma shuleni walikuwa wakiacha kujifunza ngoma. Kinachopotea kwa njia hiyo si ala ya muziki tu. Ni elimu kamili ya mawasiliano, iliyotungwa na watu wa mto kwa kuichunguza lugha yao wenyewe. Wanafunzi wa isimu ya Kiswahili wangefaidika kuichunguza lugha yao kwa makini kama hayo, wakianza na amri zake, ambazo mpaka sasa zimeachiwa zaidi makoplo kuliko wanaisimu.